Peni Aliyoikunja Hedley Thirtle

Watu wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ukiwauliza hali watakujibu "si mbaya", hata kama paa la nyumba linaungua nyuma yao. Hedley Thirtle alikuwa mtu wa si mbaya hasa. Mkewe Beryl alipofariki, majirani walimletea keki na mikate ya nyama, wakamuuliza hali, akawajibu si mbaya, wakarudi makwao roho zimetulia. Tangu hapo aliyebaki kumgongea mlango ni Neville Larter peke yake, na Neville naye kilichomleta ni sarafu.

Sarafu zenyewe ni zile za kale, zilizotengenezwa kwa nyundo kabla ya mashine kujulikana. Fundi aliweka kibati cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, akapiga nyundo, sarafu ya peni hiyo tayari. Ndiyo maana huwezi kupata mbili zilizo sawasawa. Hii mfalme ametoka bila kidevu, ile herufi zimepandana kwa sababu fundi aligonga mara mbili. Wenyewe walizidondosha mashambani wakilima, wakigombana, wakirudi sokoni na pombe kichwani, na huko huko zikakaa miaka mia saba na ushei.

Hedley, aliyeendesha lori maisha yake yote, alizifuata na mashine yake ya kunusa vyuma kila mavuno yalipotoka shambani. Na jicho alikuwa nalo. Mpe peni iliyolika ikabaki kama ukucha, ataipeleka dirishani, aigeuzegeuze, akwambie, "Unaona msalaba umefika hadi ukingoni? Hii ni ya Mfalme Henri wa Tatu. Watu walizidi kukata kingo waibe fedha, ndipo msalaba ukarefushwa, anayekata aonekane." Kisha atakusomea upande wa nyuma jina la fundi na mji wake, maana siku hizo fundi alitia jina lake kwenye kazi yake, na ikigundulika ameiba, mkono ulikatwa.

Katika sarafu zake zote, moja hakuwa akimwonyesha mtu. Ilikuwa ya fundi Nicole wa London, na aliyeiokota si Hedley bali Beryl. Alikuwa amempelekea chai shambani, akaiona kwa macho matupu inang'aa kwenye alama ya tairi la trekta, wakati mume mtu amezunguka hapo asubuhi nzima na mashine yake masikioni. Alimtania kwa hilo mpaka kufa. Ilikuwa peni safi, bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na Hedley aliikunja kwa mkono wake mwenyewe.

Wazee wao wa zamani, mtu akiuguliwa, alishika peni juu ya mgonjwa, akamtaja mtakatifu, akaikunja. Peni iliyokunjwa haikutumika tena sokoni; ilikuwa imeshakuwa ya mtakatifu, na mgonjwa akipona ilipelekwa kwenye hekalu lake. Hedley alikuwa ameokota kadhaa za namna hiyo. Kanisa alimolelewa ni la watu wasiotaka hata kusikia habari za watakatifu. Lakini maji yakikufika shingoni hubagui kamba. Daktari wa hospitali ya Norwich alipomwita pembeni na kuanza kuongea kwa sauti ya chini, Hedley alirudi nyumbani, akaichukua peni, akarudi hospitali kusimama kando ya kitanda cha Beryl.

"Unafanya nini na peni yangu?" Beryl aliuliza.

"Nyamaza, mama. Naikunja."

"We Hedley! Wakikuona watu wa kanisani?"

"Waje wanione."

Fedha ile ni nyembamba. Iliitikia kidole gumba. Beryl alicheka mpaka akapaliwa. "Haya, umeshaiharibu, mjinga wewe."

Hakuimaliza wiki. Na baada ya maneno yale hakusema tena neno la kueleweka, kwa hiyo Hedley alibaki na hilo la mjinga wewe, na mkunjo. Hakumwambia mtu. Kwa wakusanyaji, kukunja peni nzima ya Nicole ni sawa na mfuga farasi kumvunja farasi wake mguu. Na hata angetaka kusema, angemwambia nani? Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula, ambacho siku hizi kilikuwa maharage ya kopo juu ya mkate, aliitoa kwenye kikopo chake, akaupapasa ule mkunjo kwa kidole. Uso wa mfalme ni kazi ya Nicole. Mkunjo ni kazi yake yeye, na ndio uliokuwa ushahidi pekee duniani kwamba alijaribu.

Majira ya baridi homa ya mafua ikamlaza. Neville alikuja kumpikia supu. Huyu alikuwa fundi wa matrekta mstaafu, mwanamume mnene mwenye vidole vya taratibu, mwema kupita kiasi, na wema usiouliza nao una hatari zake. Alikiona kile kikopo cha peni mezani, akakifungua, akamwona Nicole wa London amejikunja kama jani kavu. Moyo ukamuuma. Akaitia mfukoni bila kusema, amfanyie mwenzake jambo la kumfurahisha.

Hedley alipopata nafuu aliitafuta peni yake kama kichaa. Aliinua mazulia, akapasua mfuko wa mashine ya kufagilia, akapekua vumbi kwa mikono. Mwenyewe aliona aibu, mtu mzima analia juu ya vumbi.

Siku ya mkutano wa chama chao cha wakusanya sarafu Neville akagonga mlango.

"Fumba macho, mzee mwenzangu."

"Sifumbi. Sema unachotaka."

Neville akafungua kiganja. Peni ilikuwa imelala humo, bapa, inang'aa, mfalme anatazama mbele.

"Wiki nzima, bwana! Naipasha moto kidogo, naibana kati ya mbao mbili na ngozi, nalegeza, nabana tena. Haijapasuka hata unywele. Chukua lenzi yako, utafute mkunjo. Ukiuona mimi nile kofia yangu!"

Hedley alichukua lenzi. Alitafuta kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba aone ufa. Hakuuona. Kuikunja upya haiwezekani. Kila mkusanyaji anajua kwamba fedha ya kale ikikunjwa tena inakatika vipande viwili. Aligeuka amwonyeshe mlango. Kisha akautazama ule uso mpana unaosubiri kusifiwa, akawaza, nikimfukuza huyu, nani mwingine atanigongea?

"Asante, Nev," alisema. "Kazi nzuri."

"Basi vaa koti. Nimeshaiandikisha kwenye shindano!"

Ukumbi wa kijiji ulinukia chai na makoti mabichi. Wanachama walipita mezani mmoja mmoja na lenzi zao, wakapiga kura, na Nicole wa London akashinda bila upinzani. Bi Pauline Gathercole, mwenyekiti, alimwita Hedley mbele, akamkabidhi zawadi, kopo la biskuti, akamtaka aseme neno.

"Ni ya Henri wa Tatu," Hedley alisema. "Msalaba mrefu. Aliiokota marehemu mke wangu."

"Waambie ilikuwa imekunjwa!" Neville alipaza sauti kutoka nyuma.

"Ilikuwa imekunjwa," Hedley alisema. "Kwa ajili ya mgonjwa."

Trevor Mace, ambaye hapitishi mkutano bila mzaha, akainua kikombe. "Na mgonjwa mwenyewe, alipona?"

"Hapana," Hedley alisema. "Hakupona."

"Acha bwana! Umejuaje? Kwani ulikuwepo?"

Hedley aliwatazama. Wote hao aliwafahamu, na wengi walikuwa wamekula keki kwenye mazishi.

"Nilikuwepo," alisema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Trevor aligonga meza, Bi Gathercole akavua miwani ajifute macho, na makofi yakafuata, makofi ya kweli, ya watu waliofurahi. Hedley alisimama katikati yao na kopo lake la biskuti. Hakuwahi kuwa peke yake namna ile, hata ile siku ya kutoka hospitali na viatu vya Beryl ndani ya mfuko.

Aliporudi kwenye kiti chake Neville alimpiga bega, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Ulikuwepo, miaka mia saba iliyopita! Siku zote hizi, kumbe una utani namna hiyo!"

Hedley alifungua mdomo amjibu, lakini Bi Gathercole alikuwa ameshaanza kumwita mshindi wa pili, na Neville akageuka kupiga makofi.