Nusu ya Somo Aliyoondoka Nayo Mwalimu Mwakalinga

Usiku ule ulikuwa unaelekea alfajiri, na mvua ya Tukuyu ilikuwa bado haijachoka, usingizi uliponichukua kwenye mkeka kando ya kitanda cha Mama.

Kiharusi kilimpiga Mama akiwa shambani, kati ya mistari ya chai. Kilimnyang'anya upande wa kulia na sauti yote. Hospitali walikaa naye, kisha wakaturudisha nyumbani. Daktari alizungumza nasi taratibu sana, na mimi na kaka yangu Ambakisye tukakubaliana, bila kuambiana, kwamba hatukumsikia. Mama alipokataa uji aliwekewa mpira wa kulishia puani. Akauchomoa kwa mkono wake mzima. Ukarudishwa. Akauchomoa tena. Jioni ile muuguzi alipokuja kuuweka upya, Ambakisye alimkandamiza mabega, mimi nikamshika kichwa. Mama alinitazama muda wote.

Asubuhi ilikuwa inakuja gari ya kumpeleka Dar es Salaam, kwa daktari ambaye Ambakisye aliambiwa kwamba hupasua vichwa na watu wakaamka.

"Mzazi haachwi akaondoka hivihivi, Atupele," alikuwa ameniambia. "Mzazi anapiganiwa. Au chuoni hawakukufundisha hilo?"

Walinifundisha. Alinifundisha Mwalimu Mwakalinga, aliyekuwa na somo la dini na falsafa za Mashariki. Muhula ule alituahidi mafundisho mawili ya Uchina, Ukonfusio na Utao. Alisema ni miguu miwili ya mtu mmoja, na atakayejifunza mmoja tu atachechemea. Akamaliza Ukonfusio. Kabla hajaanza Utao, figo zilimshinda. Tulimzika kwao Kyela, sisi wanafunzi tukibeba jeneza, na mwalimu aliyempokea akairuka mada akasema haitatoka kwenye mtihani. Hivyo nilijua wajibu wa mtoto kwa mzazi. Kingine sikukijua.

Mwalimu Mwakalinga ndiye aliyenijia usiku ule.

Nilikuwa darasani, wala sikushangaa. Madirisha hayakuwa na vioo, na ukungu ulikuwa unaingia taratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni, amevaa suti tuliyomzika nayo. Ilikuwa imempwaya. Pamba zilikuwa bado puani mwake, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu anayesema nyuma ya mlango uliofungwa.

Hakunisalimu. Alichora alama ya Kichina: mtu amesimama, na pembeni yake mistari miwili.

"Soma, Atupele."

"Mtu, na mbili, Mwalimu."

"Huo ndio utu wao. Mtu wa peke yake bado hajawa mtu."

Nageuka kutazama wenzangu, naona madawati yamejaa watu nisiowajua, wamekaa wawili wawili. Mfalme na raia wake. Mume na mkewe. Kaka na mdogo wake. Rafiki na rafiki. Nayakumbuka hayo mafungamano matano, niliyaandika hivyo hivyo kwenye mtihani: kila mmoja na wajibu wake kwa mwenziwe, na wajibu ukishikwa nyumbani, nchi nayo inatulia. Ninahesabu jozi, naona zimepungua moja. Mzazi na mtoto. Kisha nasikia pumzi kando yangu, pumzi yenye mkoromo, nami naijua. Mama amekaa kwenye dawati langu. Mpira unaning'inia puani mwake mpaka sakafuni, unaburuta.

Nataka kumwinua. Darasa halipo tena.

Tupo kwenye nyumba ndefu yenye giza, inanuka ubani. Ukutani kuna vibao vya mbao, vimesimama safu juu ya safu, kila kibao na jina la marehemu. Mbele yao kuna vikombe vya chai, wali, machungwa. Watu wanaingia kimya, wanainama, wanarudi kinyumenyume. Hakuna anayekosea hatua. Mwalimu ananiambia hizo ndizo taratibu: namna ya kuingia mlangoni, ya kushika kikombe kwa mikono miwili, ya kumlilia aliyekufa. Mwili ukizoea adabu, anasema, moyo hufuata. Nawaza kwetu tungeiita tambiko, na baba yangu aliyekuwa mzee wa kanisa angetoka nje.

"Mwalimu, hii ni falsafa au ni dini?"

Anainua kidole kumwelekea bibi kizee anayemimina chai mbele ya kibao. "Muulize anayemimina."

Bibi hageuki. Anajaza kikombe mpaka ukingoni.

"Huyu ni mume wangu," anasema. "Nikiacha kummiminia, mke wake atakuwa nani?"

Mwalimu anatembea mbele, suti inaburuza. Ananieleza kwamba yule mwalimu wa kale aliyeanzisha mafundisho hayo hakujiita mungu wala mtume. Alifundisha namna ya kuishi na watu, na habari za mizimu na mauti alizigusa kwa maneno machache mno. Lakini alipokufa watu walimjengea mahekalu, wakamchomea ubani. Ndiyo sababu wasomi wanabishana mpaka leo kama Ukonfusio ni dini. Wenyewe wanaomimina chai hawabishani.

"Hayo mliyajua," anasema. "Twende."

Tunatoka kwa mlango wa nyuma, na nje kuna bonde, na mto ambao sijawahi kuuona, maji yake ya kijivu. Mwalimu anasimama. Kwa mara ya kwanza uso wake unaonyesha kwamba amekufa. Ngozi inalegea chini ya macho.

"Hapa ndipo nilipokatikia," anasema.

Nikaogopa. Nikataka kumwambia arudi ndani, kwenye vibao na vikombe, kule kila mtu alikojua pa kukanyagia. Badala yake nikakaa juu ya jiwe kama mwanafunzi, naye akafundisha, na mvua inanyesha lakini hatulowani.

Alisema hao wengine, wazee wa Utao waliokaa kando ya mito kama ule, walikiita Tao, yaani Njia, na walilitumia jina hilo kwa shida, kwa sababu walichotaka kukitaja ni kikubwa kuliko majina. Ndicho kinachozaa vitu vyote na ndicho vinachorudia. Hakiamuru, hakisukumi. Waliyatazama maji, wakaona ni laini kuliko kila kitu na bado yanalimaliza jiwe, na kwamba yanakwenda mahali pa chini wanapopadharau watu. Wakasema mtu naye aishi hivyo. Asilazimishe.

"Basi ni uvivu, Mwalimu."

"Mama yako ni mchuma chai," anasema. "Huchuma majani mawili na chipukizi. Anaamka alfajiri, anapalilia, vidole vinapasuka. Ulimwona lini akilifungua chipukizi kwa kucha ili likue haraka?"

Nainama kuyatazama maji. Mto unasikika.

Ninapoinua macho kuna hekalu ng'ambo, milango yake myekundu, na tumeshafika bila kuvuka. Makuhani wamevaa majoho yaliyotariziwa nyota. Mmoja anamwombea mgonjwa, mwingine anaandika maneno kwenye karatasi ya njano na kuichoma ili kufukuza pepo. Kuna miungu ukutani, wa mbinguni, wa milima, hata wa jiko la nyumbani. Huu ndio Utao wa dini, Mwalimu ananinong'oneza, uliokua baada ya ule wa wazee wa mtoni, na ndani yake wamo watu wema wengi waliowazika maskini na kuwaganga wagonjwa. Kisha sauti yake inashuka.

"Na wamo wale walioogopa."

Katikati ya ukumbi kuna chungu kinachochemka. Ndani yake kuna kitu chekundu, kizito, kinachong'aa kama zebaki. Wazee wa mtoni walisema kuzaliwa na kufa hufuatana kama mchana na usiku. Hawa wanapika dawa ya kutokufa. Kitandani amelala mfalme. Fizi zake zimekuwa nyeusi. Mikono inamruka. Watumishi wamemzunguka wanalia kwa mapenzi ya kweli, naona machozi yao, na kila anapotapika wanamnywesha tena.

"Wanampenda?" nikauliza.

"Sana."

Mfalme anageuza uso wake ukutani. Amefumba meno. Nyuma yangu namsikia kaka yangu Ambakisye, "Mpe, mpe, mpe," na ninatazama, kijiko kiko mkononi mwangu. Uso ulio juu ya mto ni wa Mama. Nampa. Namfungua taya kwa vidole vyangu, nami ninampa, na ile dawa nyekundu inamtiririka shingoni, inaingia kwenye kanga. Ananitazama kama alivyonitazama jioni ile.

"Mwalimu, ulisema mzazi aheshimiwe!"

"Nilisema." Amesimama upande wa pili wa kitanda. "Niliwapa mguu mmoja, nawe unamkanyagia mama yako."

"Akifa watu watasema nini? Mtoto gani anakaa tu anatazama?"

"Hata wale wa vikombe vya chai walifundisha kwamba mtoto humwonya mzazi anapokosea, kwa upole, bila kumvunjia heshima. Mtu unayeweza kumwonya unaweza pia kumuuliza. Nani amemuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Tulimjadili juu ya kichwa chake, kwa sauti, kana kwamba masikio nayo yalikuwa yamepooza.

Mwalimu akainama, akaleta uso wake karibu na wangu. Nikanusa udongo.

"Yule mwalimu wa kale alisema kitu kiitwe kwa jina lake, kwa kuwa jina likipinda, kila linalofanywa baada yake litapinda. Haya. Kinachotokea nyumbani kwenu kinaitwaje?"

Nikafungua kinywa. Kilikuwa kimejaa pamba. Naivuta inatoka, naivuta, inazidi kuja, ndefu, nyeupe, haina mwisho, na neno liko nyuma yake.

"Huku halisaidii," akasema. "Kaliseme ukiwa macho."

Akageuka, akaenda mtoni. Maji yakamfika magotini, kiunoni. Nilitaka kumuuliza aendako kukoje, nani kati yao alipatia, wa vikombe au wa maji. Hakutazama nyuma. Suti ilivimba kidogo juu ya maji, kisha nayo ikazama.

Niliamshwa na honi. Kulikuwa kumepambazuka, gari ya wagonjwa imesimama uani, tairi ndani ya tope. Ambakisye aliingia na blanketi mkononi.

"Amka, tumbebe. Dereva anasema barabara itaharibika."

Kinywa changu kilikuwa kikavu.

"Kaka," nikasema, "Mama anakufa."

Alisimama kama mtu aliyepigwa. "Nyamaza."

"Anakufa. Daktari alituambia. Sisi wote wawili tulimsikia."

"Nyamaza, Atupele! Anakusikia!"

"Najua ananisikia. Ndiyo maana nataka tumuulize."

Akainua mkono, nikadhani atanipiga, lakini aliuweka tu kichwani mwake, akabaki nao hapo. Nilipiga magoti. Mama alikuwa macho. Nikauchukua mkono wake wa kushoto.

"Mama, gari imekuja. Ambakisye anataka ukapasuliwe Dar. Ukitaka kwenda, nifinye."

Vidole vilitulia. Dereva alipiga honi tena.

"Unataka ubaki hapa kwako? Usiwekewe tena mpira?"

Akanifinya. Haikuwa nguvu nyingi. Nikamwambia kaka yangu aje aushike mkono mwenyewe, kwa sababu sikutaka aniamini mimi tu. Akaja na viatu vyake vya matope, akapiga magoti, akamuuliza kwa Kinyakyusa, polepole, kama alivyokuwa akizungumza naye alipokuwa mtoto. Alimuuliza tena na tena. Kisha akaweka paji la uso wake juu ya ule mkono, na mabega yakaanza kumtikisika.

Dereva aliondoka bila abiria.

Tulimwondolea Mama mpira. Tulimlowesha midomo kwa maji, tulimwosha, tulimgeuza ili mgongo usiwe na vidonda, na majirani walikuja kumwimbia. Ambakisye alilala mlangoni kwake. Hakunisemesha. Haikuwa rahisi wala haikuwa nzuri kutazama. Usiku mwingine Mama alihema kwa namna ambayo ningeikimbilia gari ile kwa miguu kama ningejua ilipo. Alifariki Jumapili mchana.

Siku ya kumaliza matanga, wajomba walikaa na kutaka kujua. Mjomba mkubwa aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyeamua dada yake asipelekwe Dar, wakati gari ilikuwa imeshafika mlangoni. Macho yalinigeukia mimi, msomi. Nilianza kuinuka.

Ambakisye alisimama kabla yangu.

"Aliamua mwenyewe," akasema. "Tulimuuliza."

Akakaa, akajifunika uso kwa shati lake.