Mshale wa Jicho Moja

Mama Zipu amekaa kwenye kona yetu miaka ishirini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo nimekaa naye bega kwa bega. Mimi ni fundi saa, nina meza yenye kioo. Yeye ana kigoda, turubai na kopo la vichwa vya zipu vya kila saizi. Mpelekee mkoba ulioachia au koti lililokwama: atabana kwa koleo mara mbili, atasugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa, atavuta kwenda na kurudi, halafu atakwambia wewe mwenyewe ndiye uliyeharibu. Wateja wanampenda kwa ulimi huo. Mimi nimeuvumilia tu.

Kwa zipu hizo alimlea binti yake peke yake, akamsomesha mpaka akaajiriwa kwenye kampuni ya bima, lile jengo la vioo mwisho wa mtaa. Jengo liko upande wetu wa barabara, na hapo ndipo penye kisa. Kila asubuhi saa mbili kasorobo binti anatokea kituo cha mabasi. Akifika kwenye duka la dawa anavuka kwenda ng'ambo, anatembea huko hatua kama mia, kisha mbele ya benki anavuka tena kurudi upande wetu. Anapenya katikati ya magari mara mbili ili asipite mbele ya kigoda cha mama yake. Kazini aliwaambia wenzake kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu na anaishi mbali. Jumapili anakwenda kumsalimia nyumbani, anakaa nusu saa, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Ana haraka ya kazi," Mama Zipu huniambia. Dakika ile koleo linasimama hewani, macho yanamfuata binti kutoka duka la dawa mpaka benki, na mteja hata apige kelele hajibiwi.

"Ana haraka ya kuvunjika mguu," nilimjibu siku moja. Hakunisemesha mpaka mchana.

Ndipo akaja mpiga picha. Sisi tulimwita Jicho Moja, maana hata asipokuwa na kamera alitembea amefumba jicho la kushoto. Alitaka picha ya mtaa wetu kwa ajili ya maonyesho, na wiki nzima ya kwanza alilalamika. Watu wengi mno, vibao vingi mno, miavuli, mikokoteni, kila mtu na rangi yake.

"Fundi, mtaa wenu fujo tupu," aliniambia. "Mtu akiangalia picha, jicho halijui litue wapi."

Asubuhi moja akaliona koleo limesimama hewani. Akaniuliza yule mama anatazama nini. Mdomo wangu hauna breki, nakiri. Nikamweleza yote, duka la dawa, benki, mwalimu mstaafu. Alifumbua jicho la kushoto kwa mara ya kwanza.

Kuanzia kesho yake alichuchumaa karibu na Mama Zipu. "Mama, usinitazame mimi. Tazama kule unakotazama siku zote." Mama wa watu akavimba kichwa. Siku ya pili alikuja amefunga kitambaa kipya chekundu. Jicho Moja akamwomba akivue, eti nyekundu inaiba macho. Hapo angeshtuka. Hakushtuka, alikikunja akakikalia, akaniambia kwa sauti ya kunirusha roho kwamba kinachotakiwa ni uso wake, si kitambaa. Siku ya tatu akaombwa arudishe kigoda nyuma, kwenye kivuli cha paa la duka.

"Jua linaharibu sura," alinieleza. "Wewe huwezi kuyajua haya, unashinda na saa."

Mimi nilianza kuelewa. Na mimi, ambaye sijawahi kufunga mdomo maishani, siku hiyo niliufunga.

Jumapili, katikati ya ile nusu saa, Mama Zipu alimwalika binti yake kwenye maonyesho. Binti akasema ataangalia nafasi. Jumatatu Mama Zipu alinieleza anachokitaka, bila mzaha wowote, jambo ambalo kwake ni nadra. "Nataka aseme mara moja tu mbele ya watu, huyu ni mama yangu. Basi. Baada ya hapo avuke hata mara kumi, sitamlaumu."

Jumamosi tulikwenda, yeye na gauni la bluu lililonyooshwa mpaka likang'aa, mimi na shati la mazishi. Ukumbi ulijaa. Binti alikuwa tayari amefika, na alikuwa na wenzake wanne wa ofisini. Mama Zipu akaniminya mkono. "Ameleta na mashahidi," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha.

Kisha tukaiona picha, kubwa kama mlango. Mtaa mzima ulikuwa umefifia, wapita njia wameyeyuka kama moshi, vibao vimetiwa giza mpaka havisomeki. Katikati, ng'ambo ya barabara, kwenye ule mwanga unaopenya kati ya majengo mawili saa mbili kasorobo, alikuwa binti yake, kichwa juu, kila uzi wa blauzi unaonekana. Mama Zipu alikuwa pembeni kushoto, nusu gizani. Ilibidi umtafute.

Jicho Moja alikuwa anawaeleza wageni. "Kwenye umati unachagua mmoja, wengine wote wanamtumikia. Giza linamtumikia, ukungu unamtumikia. Na huyu mwanamke hapa pembeni ndiye kazi ngumu kuliko zote. Ukimwona mtu anatazama mahali, na wewe utatazama huko huko. Huyu ni mshale wangu."

Watu wakapiga makofi. Mmoja wa wale wenzake wa ofisini akasogea karibu na picha. "Lo! Huyu mama anakutazama kwa macho hayo! Unamjua?"

Tulikuwa hatua tatu nyuma yao. Binti aligeuka, akatuona. Alimwona mama yake, gauni la bluu na yote.

"Simjui," alisema. "Atakuwa mmoja wa wale wa barabarani."

"Si ndiye huyu hapa?" Mwenzake alikuwa ametugeukia, anatabasamu. "Mama, ni wewe? Unamjua dada huyu?"

Nilitamani kuropoka. Mama Zipu alinikanyaga mguu, kisigino chote. "Nitamjulia wapi, mwanangu?" alimwambia yule mwenzake. "Siku hiyo nilikuwa naangalia magari."

Alicheka hata, na wao wakacheka. Jicho Moja, aliyeujua ukweli wote kwa sababu nilimpa mimi, alijifanya hamnazo na kuwaita wageni kwenye picha ya pili. Njiani kurudi nilimwuliza Mama Zipu kwa nini alimkana. "Wangemcheka kazini," alisema.

Kampuni ya bima iliinunua picha ile. Mwezi uliofuata waliitundika kwenye ukuta wa kona yetu, ghorofa mbili kwenda juu. Upande wa kushoto waliukata. Kilichobaki cha Mama Zipu ni ncha ya koleo, na wengi wanadhani ni doa la uchapaji.

Wiki hiyo hiyo mlinzi wa jengo la bima akaleta karatasi: chini ya bango pasikae mtu. Meza yangu iko nje ya mstari, haikuguswa. Mama Zipu aliishika karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitaji, maana iliandikwa kwa mkono, na mkono ule alikuwa ameushika mwenyewe ulipokuwa unajifunza herufi ya kwanza.

"Mwandiko mzuri," alisema. Akakunja turubai.

Sasa anakaa uchochoroni, nyuma ya ukuta, karibu na tangi la maji. Wateja wanamfuata huko huko, na bado anawagombeza. Tunasikiana vizuri, ila yeye barabara haioni. Kila asubuhi kwenye saa mbili kasorobo koleo linanyamaza, na sauti yake inanifikia.

"Fundi, ameshapita?"

"Ameshapita."

Kweli huwa ameshapita, tena mbele ya pua yangu, kwa mwendo wa taratibu, chini ya sura yake mwenyewe. Ananipa shikamoo, na mimi, Mungu anisamehe, naitikia marahaba.

"Amevuka salama?"

Miezi miwili nilimjibu ndiyo. Jana nilichoka kusema uongo.

"Siku hizi havuki, Mama Zipu. Anapita upande huu huu."

Akaanza kusugua zipu ya mtu kwa mshumaa, kwenda na kurudi.

"Afadhali," alisema. "Magari yale yalikuwa yananitia wasiwasi."