Kilio cha Mtu Mmoja

Kwa miaka mingi nilikijua kijiji cha dada yangu kwa picha tu. Kila mwezi wa saba alinitumia nyingine kwenye simu: mashamba ya lavenda, maua ya manukato, yenye mistari ya zambarau mpaka miguuni mwa milima, na juu ya kilima nyumba za mawe zilizobanana ndani ya ukuta wa kale. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu pale ghalani ninapofanya kazi, Wetherill Park, Sydney, wakati wa chai, nao wakaniambia dada yangu anaishi kwenye kalenda. Nikakubali kwamba amebahatika.

Sisi ni watoto wa Bukavu. Yeye alitangulia kuondoka, akaenda kusoma Ufaransa, akaolewa na fundi wa kukarabati nyumba za zamani, akamfuata kijijini kwao. Mimi niliondoka baadaye kwa njia ya kambi ya wakimbizi, nikafikishwa Sydney. Tulipoagana nilikuwa bado navaa sare ya shule. Tangu hapo tulikuwa watu wa simu.

Mwaka juzi alinipigia akaniambia ana saratani ya kongosho. Aliitaja kama mtu anayetaja mtaa aliohamia. Nilikwenda kwa jirani yangu hapa mtaani Lidcombe, Mkenya, nesi, nikamsomea majina ya dawa alizoandikiwa dada. Akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa umepanga kwenda lini?"

"Krismasi, nikipata likizo."

"Usingoje Krismasi," alisema. "Enda sasa."

Nilifika mwezi wa tisa. Shemeji alinipokea kwenye stesheni ya treni, mwanamume mrefu mwenye vumbi la chokaa kwenye kucha, akabeba sanduku langu bila kusema mengi. Kifaransa nilijifunza shuleni, kwa hiyo tungeweza kuongea, ila njia nzima alinionyesha vitu tu: mto, mnara wa kanisa, shamba la baba yake. Lavenda ilikuwa imeshakatwa. Yalibaki matuta ya vishina vya kijivu.

Gari haliingii kijijini. Tuliliacha langoni, chini ya tao la mawe, tukapanda kwa miguu vichochoro vyembamba kiasi kwamba sanduku liligonga kuta. Shemeji alisema ukuta ule ulijengwa karne nyingi zilizopita, watu walipokuwa wakijificha humo wakati wa vita. Mimi nilitazama madirisha. Karibu yote yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Wenye nyumba wanaishi miji mikubwa, wanakuja kiangazi. Duka la mikate lilikufa. Mkate unaletwa na gari asubuhi, linapiga honi langoni na vizee wachache wanashuka na vikapu. Baada ya hapo husikii kitu ila maji ya bomba la uwanjani.

Dada alikuwa amekwisha. Uso ulikuwa wake, lakini mwili nilioukumbatia ulikuwa wa mtoto. Alinishika mashavu akaanza kuongea Kiswahili cha kwetu, haraka haraka, bila kupumzika, mpaka akakohoa. Aliniuliza habari za watu ambao hata mimi nilikuwa nimewasahau. Bintiye, msichana wa miaka kumi na minne, alisimama mlangoni akitusikiliza. Kiswahili anakielewa, ila kila nilichomwuliza alinijibu kwa Kifaransa.

"Mwache," dada alisema. "Ataongea na nani hapa? Mimi mwenyewe nikikata simu yako ninanyamaza mpaka siku utakayopiga tena."

Sikuwa nikijua hilo. Siku zote kwenye simu alikuwa mtu wa kucheka.

Nilikuwa namwogesha, nampaka mafuta, nampikia uji ambao hakuumaliza. Nesi wa Kifaransa alikuja na sindano ya maumivu. Mchana mmoja, baada ya sindano, akaniambia nikae karibu.

"Mama mkwe alipokufa," alisema, "walikaa kanisani kama watu wanaongojea basi. Batu ba hapa habalie, mudogo wangu, hakuna kilio. Banaangalia viatu."

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "usiongee mambo ya kufa."

"Nitaongea ya nini? Sikiliza. Mimi usinifanyie hivyo. Unililie kama kwetu, kwa sauti."

Nilimwambia nitalia.

"Sema tena."

"Nitakulilia, yaya. Kwa sauti."

Alifariki mchana wa wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeshika miguu yake nikiisugua kwa sababu ilikuwa ya baridi. Pumzi ikatoka, nikangoja inayofuata. Shemeji alikuwa chini kwenye karakana yake, mtoto shuleni. Nikapiga ukelele. Sikuupanga na sikuwa nakumbuka ahadi. Nililia kama nilivyosikia mama zetu wakilia, nikimwita, nikimwuliza ameniacha na nani.

Shemeji alipanda mbio. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye mkono wa dada, hakutoa sauti yoyote. Mimi niliendelea. Mara mlango wa chini ukagongwa, akashuka. Nilimsikia mzee wa nyumba ya jirani akiuliza kama kuna mtu ameumia.

"Mke wangu amefariki," shemeji alisema.

Mzee akasema maneno ya pole, ya heshima kabisa. Kisha akauliza, "Na hii sauti, itaendelea sana?"

Shemeji alirudi juu akafunga dirisha, polepole, kama mtu anayeogopa kuniudhi.

"Nisamehe," alisema. "Mtoto atashuka kwenye basi la shule sasa hivi. Sitaki aijue habari akiwa barabarani."

Nilishindwa kumchukia. Niliziba mdomo kwa shuka la dada yangu mpaka mtoto akafika na kuambiwa.

Tulimzika nje ya ukuta, kwenye kaburi la familia ya mume, juu ya bonde. Padri alisoma, watu wakatazama viatu. Walipoanza kuliteremsha jeneza, nikapaza sauti.

Kwetu, mtu akilia hivyo, wengine wanampokea. Mmoja akichoka koo, mwingine ameshashika, kilio kinazunguka uani na hakuna anayebaki nacho peke yake. Pale hakuna aliyenipokea. Sauti yangu ilikwenda bondeni, nikaisikia ikiishia huko, nikalazimika kuanza tena. Koo lilikauka. Nilijisikia kama mtu anayelia sokoni akitafuta kuonekana. Mwanamke mmoja alinipa kitambaa cha karatasi. Padri alingoja, kitabu mkononi.

Ndipo mtoto wa dada akanivuta mkono wa koti.

"Mama mdogo, basi," alisema. "Inatosha. Wanatuangalia."

Alisema kwa Kiswahili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunijibu kwa Kiswahili tangu nifike, na uso wake ulikuwa umewiva kwa aibu. Nikanyamaza. Jeneza lilishuka kimya hadi chini.

Watu walikuja nyumbani wakanywa mvinyo kidogo, wakaongea kuhusu mvua na paa la kanisa. Nilipanda chumbani kwa mtoto. Alikuwa amelala akiangalia ukuta.

"Mama yako aliniomba nimlilie," nilimwambia. "Ndiyo maana."

Akauliza kwa Kifaransa, "Na mimi, aliniachia neno gani?"

Katika siku zote zile dada hakuniachia neno la kumpa mtoto wake. Aliongea nami juu ya Bukavu, juu ya mama, juu ya watu wa zamani. Labda waliagana wenyewe nikiwa jikoni. Labda alidhani muda bado upo. Nilitafuta uongo mzuri, haukuja kwa haraka, na mtoto akaona.

"Basi," akasema, akageukia ukuta tena.

Niliporudi Sydney, watu wa kwetu walinikodishia ukumbi hapa Lidcombe. Akina mama walikuja na mapishi, wakaniweka katikati, na nilipopaza sauti walinipokea wote. Tulilia vizuri. Lakini aliyetaka kuliliwa alikuwa amefukiwa upande mwingine wa dunia, kati ya watu ambao, mbali na bintiye, hawakujua hata kwamba alikitaka kilio hicho. Asubuhi yake niliingia shifti.

Mtoto nilimpigia mara nyingi. Siku hizi anasoma bweni mjini, na ujumbe wangu anaujibu kwa alama ya moyo.

Miezi baadaye shemeji alinitumia picha ya kaburi. Jina la dada lilikuwa limechongwa chini ya majina ya wakwe zake: jina la ubatizo, kisha jina la ukoo wa mume. Jina la kwetu, alilopewa na bibi siku aliyozaliwa, ambalo ndilo nililomwita nikilia, halikuwepo. Nilimwuliza. Alijibu kwamba kwenye jiwe hakukuwa na nafasi, na kwamba fundi asingejua kuliandika.

Nilikaa na simu mkononi. Kisha nikamwandikia kwamba picha imefika, ahsante.