Mlimau Uliogeuzwa

Upepo wa Qurus, kijiji kilicho karibu na Karatu, mwezi wa Julai ulinuka vumbi na mabua makavu. Alfajiri ulikuwa baridi kiasi kwamba sisi watoto tulikimbilia zizini kuota joto la ng'ombe, lakini ikifika saa nane mchana jua lilichoma hadi mbwa wakahamia uvunguni mwa ghala. Tulikuwa wageni pale. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati familia nyingi zilipohamishiwa katika vijiji vipya, nasi tulikuwa tumeteremka kutoka pembeni mwa msitu wa Ngorongoro, alikozaliwa Baba, tukapewa kiwanja kwenye uwanda usio na hata kichaka cha kujikinga.

Bibi, mama yake Baba, alikataa kuhama. Mwishowe alikubali kwa sharti moja tu, kwamba mlimau wake uje naye. Aliupanda mwenyewe alipokuwa bi harusi, ubavuni mwa nyumba yake, na malimau yake yalikuwa dawa ya kikohozi kwetu na kwa majirani wote. Watu walicheka, wakauliza mti mzima unahamishwaje. Baba hakucheka. Aliuchimba kwa mzunguko mpana, akapunguza matawi, akafunga udongo wa mizizi kwa ngozi ya ng'ombe, kisha maksai wakaukokota juu ya gogo lenye panda mpaka Qurus. Tuliupanda mbele ya nyumba mpya, nao ukachipua. Bibi akaanza kula vizuri na kuuliza majina ya majirani.

Baridi ilipozidi, gome likapasuka. Kwanza ulitokea ufa mmoja mrefu, kisha zikafuata nyingine, na kingo zake zikaanza kujiinua. Ukigonga pale kwa kidole ulisikia sauti ya kitu kitupu. Bibi aliutazama mti, akaingia ndani, akakunja mashuka yake na kufunga mzigo.

"Mti umepakataa hapa," aliniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. "Nami narudi kwangu."

"Kule hakuna paa tena, Mama," Baba alimwambia. "Nyati wanapita mlangoni."

"Nyati nimeishi nao."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililotutisha. Bibi hakuwa mtu wa kutishia jambo asilokusudia kulifanya. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mti, akiwa na hakika kwamba ni wadudu. Alitafuta matundu na unga wa mbao, akainua kipande cha gome kwa ncha ya kisu, lakini hakukuwa na tundu wala unga. Jirani yetu Mama Hawa, aliyetoka Singida, alisema mti una kiu, akaleta ndoo ya maji. Mama alimshukuru, akachomeka kijiti ardhini karibu na mizizi. Kilitoka na tope. "Tukiongeza maji tutauozesha," alisema, na ndoo ile ikaenda kwa ng'ombe.

Mchana ule ule Mama alizungushia shina viganja vyake kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akamwita Baba kwa jina langu. "Baba Paulina, njoo ushike hapa. Haya, sasa shika huku." Nami nilishika. Upande wa magharibi ulikuwa na moto wa chungu kilichotoka kuepuliwa, na upande wa pili ulikuwa wa baridi. Nyufa zote zilikuwa upande wa moto. Mama alikwenda akasimama mlangoni kwa Bibi.

"Mama, kabla hujaondoka nisaidie jambo moja. Kule juu, ni upande upi wa mti ulielekea ukuta wa nyumba yako?"

"Ule wenye kovu la kamba ya mbuzi."

"Kovu sasa liko magharibi."

Bibi aliuacha mzigo kitandani, akatoka nje. Alilipapasa kovu kwa kidole gumba, akapandisha mkono taratibu juu ya nyufa, kisha akamgeukia Baba. "Mmeugeuza. Ngozi hii haijapigwa na jua tangu nilipoolewa. Mchana mnaichoma, usiku inalala kwenye baridi. Itaachaje kupasuka?"

"Tuliushusha jinsi maksai walivyosimama, Mama. Hatukuangalia."

"Basi nipe kisu kidogo. Panga liache."

Alikata gome lililokufa pole pole mpaka akafikia ukingo wenye ukijani, na hapo hakugusa tena. Baba alitaka kupaka samadi, Bibi akamzuia mkono. Alisema kidonda kile kinataka hewa, ukikifunika kitaoza ndani kwa ndani. Mama aliomba chokaa kwa mafundi waliokuwa wakijenga shule, akaizimua kwa maji, akapaka shina lote isipokuwa penye vidonda. Mimi na Baba tulifunga mabua ya mahindi kwa kamba ya katani, tukayasimamisha upande wa magharibi bila kugusana na shina. Tulitandaza mabua ya ngano juu ya mizizi, na maji tuliyatia tu pale udongo wa chini ulipokauka. Vikonyo vya maua vilipotokea, Bibi aliving'oa vyote. "Mwaka huu usizae," aliuambia mti. "Pona kwanza."

Mvua ziliporudi, kingo za vidonda zilikuwa zimenenepa kama midomo na zinajongeleana. Siku moja Bibi alimwita Baba, akamwagiza amjengee banda la kuku, la nguzo ngumu, lisiloliwa na mchwa. Baba alianza kazi jioni ile ile. Bibi aliishi Qurus mpaka uzeeni kabisa, na hakuna aliyemsikia tena akitaja kurudi.

Siku hizi, nikipita Karatu mjini, naona malori yakipeleka miti mirefu kwenye hoteli za watalii, na asubuhi moja inatosha kusimamisha bustani nzima. Wenye hoteli wana dawa na mipira ya maji ambayo Baba angeipenda sana. Hata hivyo, mara nyingi naona magome yamepasuka upande wa jua la alasiri, na nikirudi msimu mwingine nakuta mti mpya mahali pale pale. Wakipoteza mmoja wanaleta mwingine. Sisi hatukuwa na mlimau mwingine, wala bibi mwingine, ndiyo maana tulilishika lile shina mpaka tukajua linaumwa nini.