Vinundu Vyeupe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mkuu wa Maabara alinipa wembe na mzizi wa mkunde wenye vinundu. Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili mjini, mtaa wa Tononoka. Tulitengeneza unga wa bakteria ambao mkulima hupaka mbegu kabla ya kupanda.

"Pasua kinundu hicho. Waona nini?"

"Wekundu, Bwana Mkuu."

"Basi bakteria wako hai, na kazi wafanya."

Akanieleza. Bakteria hao hukaa ndani ya vinundu vya mizizi, wakachukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kazi hiyo yataka nguvu, na nguvu hutokana na kupumua. Lakini oksijeni ikizidi, huharibu kimeng'enya kinachoifanya kazi yenyewe. Ndipo mmea hutengeneza protini nyekundu, jamaa ya ile ya damu yetu, inayoishika oksijeni na kuwagawia bakteria kidogo kidogo. Kinundu cheupe hakilishi mmea.

Mwaka wa tatu, fungu moja la unga lilikaa stoo yenye joto, na joto huua bakteria. Nililijaribu kwenye vyungu. Vinundu vikatoka vichache, vyeupe.

"Wakulima wangoja mvua, nawe waniletea habari za rangi," Mkuu alisema. "Tia sahihi, unga uuzwe."

Nilikuwa na mke na wana wawili mtaani Bondeni. Nikatia.

Msimu ulipokwisha, Mama Kadzo, mkulima wa Kaloleni, alishuka basi kituo cha Mwembe Tayari akaja kwa miguu, amefunga mikunde ya manjano ndani ya leso.

"Mwanangu, nimekosea wapi? Nilipaka kama mlivyotufundisha."

Nikapasua mbele yake. Vyeupe vyote. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni udongo wako, mama," nikasema. "Umechoka."

Akainamisha kichwa. "Basi nimewadhania vibaya. Niwieni radhi."

Mkuu alipostaafu nilirithi kiti chake, nikafundisha vijana wengi kupasua vinundu. Hilo la Mama Kadzo sikuwaambia. Nilipostaafu mimi, nilikwenda Kaloleni. Nikamkuta amezeeka, nikamweleza yote.

Alinionyesha ng'ambo ya ua.

"Shamba lile nilimwachia shemeji yangu," akasema. "Uliponambia limechoka, niliona halina kitu. Wanangu wakaenda kutafuta vibarua mjini. Hawakurudi."

Nilimwomba msamaha. Akanikaribisha chai, kwa kuwa nilikuwa mgeni tu, tukainywa tukitazama ng'ambo ya ua, kunde za shemeji zilivyostawi kwenye shamba lile.