Balbu Chini ya Sufuria

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki mtaani Buyenzi, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunieleza waya hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kufua ovaroli. Kwa hiyo alipokuja mkunga mmoja, mjane, na pikipiki kuukuu aliyoachiwa na mumewe, nikamsikia mume wangu akimweleza waya baada ya waya kwa sauti ya upole, niliona wivu mpaka wali ukaniungulia.

Pikipiki ile ilikuwa na demareri, kile kitufe cha kuwashia kwa umeme, na ndicho kilichokuwa kimekufa. Mwingine angepiga kiki akaenda zake, lakini mkunga alikuwa na goti bovu. Bila kitufe hakuweza kwenda Buterere, pembezoni mwa mji, kuzalisha na kurudi kabla wanajeshi hawajafunga njia jioni. Nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu si kumpenda, na huyu alikuwa anaendesha pikipiki mjini wakati wa vita, wakati mimi sikuwahi hata kupakiwa nyuma.

Siku ya kwanza mume wangu alikuta waya unaofungwa kwenye chasi umeliwa na kutu. Mkunga alikuwa ameshakwenda zamu. Akaweka waya mpya, akabonyeza, injini ikawaka papo hapo. "Kesho asubuhi atakuja kuchukua," akasema, akitabasamu peke yake. Tabasamu lile lilinichoma.

Jioni, kwa kuogopa wezi, aliifungua betri akaiweka jikoni kwangu. Hapo shetani akanipa akili. Mchana nilikuwa nimemsikia akimwambia mkunga, naye umeme huuita moto: "Taa inakula moto kidogo tu. Demareri ndo inakula mingi. Betri ikichoka, taa itawaka, lakini demareri itakataa." Nikatafuta balbu ya gari na vipande viwili vya waya, nikaiunganisha na betri, nikaifunika kwa sufuria ili mwanga usionekane. Nilipokwenda kulala nikaitoa. Sufuria ilikuwa ya moto.

Asubuhi mkunga akaja na kitenge kipya. Hilo nililiona kabla sijaona uso wake. Mume wangu akabonyeza. Tak! Basi. Akabonyeza tena. Tak! Nilisimama mlangoni na birika, nikingoja aaibike.

"Haiko betri ndo imechoka?" mkunga akauliza.

"Apana. Betri imelala mu nyumba yangu, jana ilikuwa imejaa. Ni waya."

Kikulacho ki nguoni mwako. Akapiga kiki mwenyewe, injini ikanguruma, akaiacha iendelee huku anakagua waya, na petroli siku zile ilitafutwa kama dawa kwa sababu nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Injini ikizunguka huijaza betri. Kwa hiyo alasiri, mkunga akiwa kazini, kitufe kilifanya kazi vizuri kabisa. Jioni betri ikarudi jikoni, nami nikarudi kwenye sufuria yangu.

Ikawa hivyo asubuhi nne. Mume wangu akasema ni umande. Akazifunga nyaya kwa vipande vya mpira, akakifungua kitufe akakisugua. Na kila asubuhi mkunga alikaa kidogo zaidi, hata akaanza kutangulia kumpa spana kabla hajaiomba. Walicheka. Sikujua mume wangu anaweza kucheka saa moja ya asubuhi.

Asubuhi ya nne alifika na tope hadi magotini, ametoka Buterere kwa miguu. Akaniomba maji. "Dada, mutoto amezaliwa mi niko njiani. Ni jirani amemupokea." Nilimpa maji, nikaona aibu. Ningependa kusema aibu ndiyo iliyonikomesha, lakini si kweli. Alipomaliza kunywa alikwenda akaketi kwenye kigoda changu, kando ya mume wangu, na ndipo nikatambua kwamba anayemleta yule mama uani kwangu kila siku ni mimi mwenyewe.

Jioni ile sikuigusa betri. Asubuhi kitufe kikaitika mara moja, mkunga akapiga vigelegele, akaondoka na pikipiki yake, wala hakurudi tena.

Nilidhani nimemmaliza. Kumbe ubovu usiojulikana humkaa fundi rohoni. Miaka na miaka, kila mteja aliyeketi uani alisimuliwa juu ya pikipiki iliyokataa asubuhi na kukubali alasiri, na mama mmoja mwenye akili za kushika waya upesi. Uani nilikuwa nimemtoa. Kwenye maneno ya mume wangu sikuwa na mlango wa kumtolea.

Mwaka wake wa mwisho, macho yakiwa yamefifia, alikuwa ameketi na kikombe mkononi, akaniita.

"We mama, unawaza ile pikipiki ilikuwa na nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo la waya. Na duniani kote ni mimi tu niliyekuwa na jibu.

"Mi nitajulia wapi," nikasema, nikamwongezea chai.