Swali la Katekista

Katekista wa parokia hafuti ubao kwa kitambaa. Anaufuta kwa kiganja, kisha anajipangusa kwenye sketi, hata ukikutana naye sokoni utajua jana alifundisha. Sauti yake ni ya chini, lakini watu wazima wanaojiandaa kubatizwa humwogopa kama sindano.

Siku ya mtihani fundi mwashi alisimama mbele yake, akaanza sala ya Nasadiki, akafika "mbingu na nchi", akakwama. Ubatizo wa mwaka huu umekwenda na maji, akawaza. Katekista akapuliza chaki vidoleni, kama afanyavyo kila akitaka kufikiri.

"Yule bibi mgonjwa unayemhudumia kila Jumamosi, analalia ubavu gani?"

"Wa kushoto, mwalimu. Wa kulia una kidonda. Ukimgeuza umshike bega kwanza, la sivyo analia."

Katekista akainama, akaweka alama ya vema kwenye daftari.

"Nasadiki tutaisali wote, wewe utafuatisha. Katafute shati jeupe."

Akampa mkono. Fundi alirudi nyumbani na chaki kiganjani, akakataa kunawa mpaka mkewe aione.